Kuinua Gari Uwani Gerezani Bila Kuita Msiba

Nyumba za zamani za mtaa wa Gerezani, Dar, zilijengwa kwa ajili ya watu: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uwani nyuma pa kupikia na kufulia. Gari halikuwemo kwenye hesabu. Sasa limo chini ya kibanda cha mabati, na mpangaji wa chumba cha nyuma anakwenda chooni ubavuubavu. Hapo ndipo mheshimiwa umeamua kubadilisha breki mwenyewe, kwa kuwa fundi kataja bei ya kukutoa jasho. Hongera. Fuata hatua hizi.

1. Pokea wataalamu. Ukitoa jeki tu kwenye buti, watatokea: muuza kahawa, dereva wa bodaboda, na mjomba aliyewahi kumiliki Peugeot 504. "Inua tu, kijana wangu, sisi tumeinua malori." Hakuna atakayeshika spana. Wape kazi moja: wawatoe watoto uwani, na mmoja wao abaki karibu akiwa na simu yenye salio.

2. Kagua sakafu. Dar ni mchanga. Jeki ikikaa juu ya mchanga, inazama yenyewe huku gari likiwa palepale, na mbele ya wataalamu wako utaonekana unachimba kisima. Tandika ubao mnene na mpana, pahala pasipo na mteremko.

3. Zuia magurudumu. Vuta handbreki, weka gia, kisha gongomea kabari mbele na nyuma ya matairi yatakayobaki chini. Usiseme handbreki inatosha. Katika magari mengi inakamata magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki yako yote inaning'inia hewani.

4. Legeza nati mapema, tairi likiwa bado limekanyaga chini. Ukingoja lipae ndipo ukaze misuli, gari litayumba, na uwani kwako likiyumba halina pa kwenda ila ukutani au kifuani kwako.

5. Tafuta mahali pa jeki. Chungulia ukingo wa chini wa bodi, nyuma kidogo ya tairi la mbele au mbele kidogo ya tairi la nyuma. Magari mengi madogo yana mikato miwili pale. Jeki inakaa katikati yake. Ukipenda njia ya mkato, ielekeze kwenye sampo ya oili, uipasue. Uzuri wa Gerezani, maduka ya spea yako jirani, na basi la mwendokasi linageuzia hapo tangu 2016, hivyo kazini utafika.

6. Inua, kisha weka stendi. Hapa ndipo wanaume wengi wanapogeuka wacha Mungu ghafla: "Mungu yupo, naingia dakika moja." Yupo, ndiyo, lakini Toyota IST nayo ina takriban tani moja. Jeki ya mafuta inazuiwa isishuke na sili ndogo ya mpira. Ikichoka, gari linashuka bila kuaga. Ile ya mkasi iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi barabarani tu. Na tofali? Linabeba nyumba kwa sababu mzigo umetandazwa juu yake. Chuma chembamba kikilielemea sehemu moja, linapasuka papo hapo. Nunua stendi mbili za chuma zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba. Utaguna ukisikia bei, wewe uliyefunga spika za buti zinazotikisa sufuria za jirani.

7. Sukuma kabla ya kuingia. Gari likishakalia stendi, lisukume kwa mikono kwa nguvu. Likicheza, lishushe uanze upya. Lisipocheza, telezesha na tairi ulilolifungua chini ya bodi, liwe akiba. Usiwashe injini humo: hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kibanda chako hakina dirisha.

Kama ukilala uvunguni miguu inagusa ukuta huu na kichwa ukuta ule, hiyo si gereji. Lisukume gari nje au mlipe fundi mwenye nafasi.

Jeki kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi. Majirani wa Gerezani ni wepisi kuchanga rambirambi, lakini hakuna atakayekuchangia stendi. Nunua mwenyewe, leo, kabla hujagusa nati ya kwanza.