Redio ya Mama Siku ya Mwandamo

Redio ya nyumba yetu ya Makorora, Tanga, ilianza kuvuma tarehe 27 ya mfungo. Ilikuwa inasema, lakini chini ya kila sauti palikuwa na mvumo mzito, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Mama alivumilia. Kwake yeye tangazo la mwezi linasikilizwa kwa redio ile, juu ya kabati lile, na simu zote tulizonazo mikononi hazijambadilisha. "Usiiguse mpaka Idi ipite," aliniambia.

Nimekuwa nikichezea vitu hivi tangu sekondari. Nina kopo la biskuti lililojaa vipande nilivyovichomoa kwenye redio na deki zilizokufa. Nilijua kwamba mvumo wa aina ile, mara nyingi, ni kapasita kubwa ya upande wa umeme imekauka, na hapo sikukosea. Alasiri ya tarehe 29 Mama alikuwa jikoni, vileja vyake vinapoa kwenye sinia, na sinia iko kwenye meza ya baraza la ndani. Nikakaa upande wa pili wa meza hiyohiyo, nikaifungua redio.

Kapasita ya zamani ilikuwa ya maikrofaradi 1000, volti 16. Koponi nilipata ya 1000, volti 25. Volti zikizidi hakuna neno. Zikipungua ndipo pana hatari. Lakini kapasita hizi zina upande: mstari mrefu uliochorwa ubavuni ndio hasi. Nilikuwa nimeichomoa ya zamani bila kuandika ilivyokaa, kisha nikatafuta alama ya chanya kwenye bodi huku bodi nimeipindua, kulia kumekuwa kushoto. Nikalehemu. Nikachomeka waya ukutani.

Sikuwahi kuhesabu hata ishirini. Kilipasuka kishindo kama fataki, ukapanda moshi mweupe wenye shombo, na nyuzi za karatasi iliyolowa dawa zikatua taratibu juu ya vileja. Kilo mbili za unga wa mchele, samli, iliki iliyotwangwa kwa mkono. Dawa ile si ya kuingia tumboni mwa mtu, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchagua: sinia nzima ilikwenda jalalani.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakutazama sinia. "Macho yako mazima?" Ndilo alilouliza, na akanishika kidevu akanigeuzia dirishani ahakikishe mwenyewe. Kapasita ikipasuka huruka juu, na mimi nilikuwa nimeiinamia.

Macho ni jambo zito nyumbani kwetu. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa fundi redio miaka mingi, na sasa anaishi nasi chumba cha uani kwa sababu mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Huona mwanga na vivuli. Alikuwa amekisikia kishindo, akaja akipapasa ukuta.

"Shikamoo Mjomba. Imekufa."

"Marahaba. Usiniambie imekufa. Niambie inafanya nini na haifanyi nini."

Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimeiuliza redio yenyewe. Akaniamuru nitoe waya ukutani na nisiurudishe siku ile. Akamtuma mtoto dukani kuleta mawe manne, yale makubwa ya volti moja na nusu. Redio yetu inakubali umeme na mawe, na mtu akiweka mawe anauacha upande wa umeme pembeni kabisa. Kama ingesema, basi ugonjwa wote ungekuwa upande wa umeme. Haikusema. Ilitoa mchakacho mwembamba tu, kama mchanga unaomwagwa mbali.

"Vema," akasema Mjomba, na mimi sikuona wema wowote. "Sasa gusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa kile kitufe cha sauti. Kidole chako kiwe kwenye chuma."

Nikagusa. Spika ikaguna kwa nguvu mpaka Mama akashtuka. Mjomba akacheka kwa furaha. Kuanzia kitufe cha sauti mpaka spika palikuwa pazima: redio nusu imekwisha kupona kabla hatujabadilisha kitu. Kilichobaki ni upande unaokamata stesheni, na upande huo hulishwa umeme wake kupitia rezista moja ndogo. "Itafute. Itakuwa imeungua. Dayodi inayoelekeza umeme upande mmoja ilipokufa, umeme wa kwenda na kurudi ulipita humo."

Nimewahi kuwapelekea mafundi vitu vyangu, wakavichukua na kuvirudisha vikiwa vizima, nami nisijue lolote. Mjomba hakuweza kufanya hivyo hata angetaka. Kila alichohitaji kukiona ilibidi kipite kinywani mwangu. Ndiyo sababu alasiri ile nilijifunza kutazama.

Rezista niliipata, tumbo jeusi. Mita ilisema haipitishi kitu. Thamani yake huandikwa kwa pete za rangi, nazo zilikuwa zimebabuka. Niliona pete tatu, nikasoma kutoka kushoto: kahawia, nyekundu, nyekundu.

"Kahawia ni moja, nyekundu mbili, ya tatu ni idadi ya sifuri," akasema Mjomba. "Omu 1200. Mbona nyingi? Una hakika?"

Nikasema nina hakika. Ya 1200 ilikuwamo koponi, nikaiweka. Sauti ikaja kwa mbali sana, sauti ya mtu anayeongea ndani ya shuka, kisha ikazama. Saa kumi na moja ilikuwa imepita. Uji wa futari ulikuwa umekwisha bandikwa.

Mama ndiye aliyeketi. Akataka aambiwe hizo rangi. Mjomba akamtajia kwa mpangilio wake: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, manjano nne, kijani tano, samawati sita, zambarau saba, kijivu nane, nyeupe tisa. Mama akazirudia mara moja tu akawa nazo. Lugha yetu ina rangi tatu tu zinazobadilika kwa ngeli, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyingine tumeziazima kwa vitu: kahawa, chungwa, manjano ya mchuzi, jani, zambarau la mtini, jivu la mekoni. Kwangu zilikuwa orodha ya kukariri. Kwake zilikuwa vitu alivyovishika kila siku.

Akaichukua ile rezista iliyoungua, akaichokoa kwa ncha ya sindano upande ule nilioanzia kusoma, akaipeleka mlangoni penye jua la jioni.

"Hapa palikuwa na dhahabu," akasema.

Mjomba akapiga paja. Pete ya dhahabu hukaa mwisho, nayo husema tu kwamba thamani inaweza kupotoka kwa asilimia 5. Moto ulikuwa umeipaka masizi, mimi nikadhani ni mwili mtupu, nikasoma kinyumenyume. Ukianzia upande wa pili ni nyekundu, nyekundu, kahawia: omu 220. Nilikuwa nimeinyima redio chakula, nikiipa njia nyembamba mara tano na zaidi.

Ya 220 haikuwamo koponi. Mama alikuwa amekwisha anza kuchambua vipande juu ya kanga yake. "Kahawa, nyeusi, kahawa. Hii?" Mia moja. "Na hii, kahawa, nyekundu, kahawa?" Mia na ishirini. Ukiziunga mkia kwa kichwa, zinajumlishana. Nilizilehemu mikono ikitetemeka kwa njaa, naye Mjomba ameweka kiganja juu ya spika.

Adhana ya magharibi ilitoka safi. Tulifungulia tende palepale sakafuni, katikati ya waya. Baada ya swala tukakaa wote barazani, na majirani wawili wakaja, mpaka tangazo la Mufti likasomwa: mwezi haujaonekana, kesho tunakamilisha thelathini.

Mama akasimama. "Basi nina siku nzima," akasema. "Nitakanda vingine."

"Na yeye ana dayodi nne za kupima," akasema Mjomba, mkono wake bado uko kwenye spika. "Uje mapema kukiwa na mwanga, mwanangu. Mama yako nitamhitaji saa moja tu kabla hajaingia jikoni."