Omena Yenye Povu

Nyumbani kwetu Awendo kila mtu ana gazeti lake. Baba Watoto ana The Organic Farmer, jarida la wakulima wasiotaka kemikali, ambalo kituo cha utafiti cha icipe na shirika la Biovision walianza kulitoa mwaka 2005 na vikundi vya wakulima hupewa bure. Kijana wetu ana rundo la Shujaaz, ile katuni ya Sheng iliyoanza 2010, na huificha chini ya godoro utadhani kuna wa kumwibia. Mimi ni mtu wa Parents tangu usichana. Hakuna anayegusa la mwenzake. Si heshima, hatuelewani tu. Nikifungua la Baba Watoto nakutana na vidukari, mboji na mkojo wa ng'ombe, naye anasoma akitikisa kichwa kama aliyeandikiwa barua na ndugu yake.

Shida ya jarida la watu wachache ni hiyo: linaongea nao kama watu wa nyumba moja. Likisema "dawa," wenyewe wanajua ni ya sukuma wiki. Wengine tulio kando ya meza tujijue.

Ijumaa usiku Baba Watoto alitwanga pilipili na kitunguu saumu, akaloweka. Asubuhi akachuja kwa chujio langu la chai, hilo sijasahau, akakwaruzia sabuni ya kipande ili dawa ishike kwenye majani, akamimina yote kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Mtungi akauweka karibu na chumvi. Kisha akaenda mkutano wa kikundi.

Saa nne Mama Mkwe akashuka kutoka Mbita na omena zake. Kwa desturi yetu hakuja kulala, kwa hiyo hakutaka kukaa bure. Aliingia jikoni moja kwa moja. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi, sufuria ilikuwa imepandisha povu jeupe hadi ukingoni, na vijicho vya omena vikichungulia humo kimoja kimoja.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, mwiko mkononi, "achari yako ni kali, lakini mbona inateleza?"

Alikuwa ameshaonja.

Nilimpa maziwa mala vikombe viwili. Baba Watoto aliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmebakisha kiasi gani?" Alipoona nyuso zetu akakimbilia jarida, eti tuone kwamba alifuata maelezo sawasawa. Mama yake hasomi Kiingereza. Alilipokea, akalifungua tu, akasimama kwenye picha ya mahindi.

"Hii si ya pale kwetu?"

Ilikuwa ya kwao kweli. Kilimo hicho cha pichani, cha vuta-sukuma, kilifanyiwa utafiti katika kituo cha icipe, palepale Mbita. Jarida hajawahi kuliona, lakini desmodiamu anayo shambani na ng'ombe wake anaila. Alitueleza kwa kidole juu ya picha: hii inatambaa katikati ya mahindi, harufu yake inawafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, na mizizi yake inakomesha kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi yakingali machanga. Nje, kuzunguka shamba, unapanda nepia, nondo wafuate huko.

Baba Watoto akanyamaza. Mimi naye tukatazamana, maana nepia ya shamba letu nilikuwa naiona kutoka dirishani, imesimama wima katikati ya mahindi. Desmodiamu ndiyo aliyoizungushia ukingoni, kama ua wa maua.

Mama Mkwe akachungulia dirishani pia. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, wadudu umewakaribisha sebuleni!"

Na matoleo yote ya jarida lake kayaweka kwa mpangilio wa miezi, na hakuna mwanachama mwenzake anayeruhusiwa kukunja ukurasa. Nilimhurumia kidogo, si sana.

Omena tulimwaga, hata paka alinusa akaondoka. Tulikula ugali kwa mayai, na kumi na mawili yaliyobaki tukamfungia Mama Mkwe, kwa sababu njia ya Rongo hadi Homa Bay na kuendelea Mbita ni ndefu na matatu hazina huruma kwa mayai. Alinyoosha mkono kuchukua The Organic Farmer ayafungie. Baba Watoto aliruka kama aliyeungua.

"Hapana, Mama, ngoja. Nakuletea karatasi nzuri zaidi, laini."

Jioni nilipotaka kumalizia hadithi niliyoikatiza, toleo langu jipya la Parents lilikuwa limeshafika Mbita.