Sugu Apewe Heshima Yake

Lugha imeionea sugu. Gazeti likitaka kumwaibisha asiyelipa mkopo humwita mdaiwa sugu. Mwizi aliyezoea selo ni mwizi sugu, ugonjwa usioisha ni ugonjwa sugu, na vijidudu visivyosikia dawa vimejenga usugu. Aliyelichukua jina hilo kwa hiari yake na likampendeza ni Joseph Mbilinyi, aliyelitoa kwenye jukwaa la muziki akaingia nalo bungeni kuwawakilisha watu wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Sugu yenyewe, ile ngozi ngumu ya mguuni, haijawahi kupigiwa kura na mtu. Husuguliwa kwa jiwe, hukwanguliwa kwa wembe, hulowekwa kwenye beseni la maji ya moto. Kesho yake iko palepale, kazini.

Na kazi yake ni ya kustaajabisha. Ngozi ikibanwa na kusuguliwa mahali pamoja siku baada ya siku, haiitishi kikao. Chembe hai za tabaka la chini huzaana upesi, husukumwa juu, hufa njiani zikiwa zimejaa keratini, protini ileile inayojenga kucha za mtu na pembe za ng'ombe, kisha hubanana safu juu ya safu. Ni ukuta uliojengwa na marehemu kuwalinda walio hai, bila fundi wa kulipwa na bila saruji kupanda bei.

Mtu asidhani kwamba sugu ni chapa ya ufukara. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu, alisema kwamba hata mtoto aliye bado tumboni ana ngozi nene nyayoni kuliko popote mwilini. Hajakanyaga hata jani, na tayari ameshawekewa akiba. Kinachofuata ni juhudi yake mwenyewe.

Kuna shutuma moja ya zamani: ati mwenye sugu amekufa ganzi, hajui anachokikanyaga. Shutuma hiyo ilipelekwa maabara. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowalinganisha watu wa magharibi mwa Kenya waliozoea kutembea peku na waliozoea viatu. Waliozoea kutembea peku walikuwa na sugu nene zaidi, lakini nyayo zao zilihisi mtikisiko sawasawa na za wenzao. Sugu hupokea kishindo na kukipitisha ndani, huku ikizuia mwiba. Kiatu chenye soli nene ya sponji ndicho kinachomziba mtu masikio ya miguu.

Shahidi wa pili alipatikana Roma, usiku wa tarehe 10 Septemba 1960. Abebe Bikila, askari wa ulinzi wa mfalme wa Ethiopia, alijaribu viatu alivyopewa kwa mbio za marathoni, havikumkaa vizuri, akaviacha. Alikimbia kilomita 42 na ushee peku, juu ya lami na mawe ya barabara za kale, akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Dunia ikampigia makofi Bikila. Nyayo zilizozoea mazoezi ya peku, ambazo ndizo zilizogusana na yale mawe, hazikutajwa kwenye wimbo wa taifa. (Ni haki kuongeza kwamba Tokyo, 1964, alishinda tena, na safari hiyo alivaa viatu. Msifu anayeficha ushahidi wa upande wa pili ni dalali.)

Hadi hapa imesifiwa sugu pana, ile ya kisiginoni na chini ya vidole, sugu ya wachapakazi. Iko nyingine, ndogo kama punje ya mtama, yenye makao juu ya kidole cha mwisho au pembeni mwake. Hii ina kiini: ngozi ngumu iliyochongoka kama msumari, ncha ikielekea ndani. Haipendi maisha ya peku. Huishi kwenye viatu vya mchongoko, viatu vya harusini na viatu vya ofisini, na hasa kwenye mchuchumio, ambao huuhamisha uzito wa mwili wote ukaelemea mbele, mahali ambapo vidole vitano vimepangiwa chumba cha vitatu. Bibi harusi anayetabasamu kwenye picha huku ameuma meno, mara nyingi anazungumza nayo.

Mitumba imeipa sugu hii ajira ya kimataifa. Kiatu cha ngozi kilichotumika kimekwisha kujikunja kwa umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na soli yake imelika upande alioukanyagia yeye. Kinaponunuliwa kwenye soko la Gikomba au la Karume, kikapigwa rangi kikang'aa, mnunuzi anapata kiatu pamoja na mwendo wa mtu wa Hamburg asiyemjua. Mguu wake unabishana na mwendo huo miezi kadhaa, na sugu ndiyo mhuri wa mapatano.

Hata Ikulu ya Marekani imewahi kunyenyekea. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln alikuwa akisumbuliwa na vidole vya miguu. Aliyeitwa ni Isachar Zacharie, mzaliwa wa Uingereza, mtaalamu wa kutoa sugu. Septemba ya mwaka huo, mwezi uleule Lincoln alipotangaza azma ya kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, alimwandikia Zacharie hati ya kumsifu kwa mkono wake mwenyewe. Mambo hayakuishia hapo. Rais alimtuma New Orleans kumpelelezea fikra za watu, na mwaka 1863 fundi huyo wa vidole alivuka mstari wa vita hadi Richmond, kuzungumza habari za amani na wakuu wa upande wa Kusini. Mabalozi wangapi wamepata kazi kwa sababu kubwa kuliko hiyo?

Na iko sugu isiyodaiwa wala kusuguliwa na mtu. Msikitini, anayekaa tahiyatu huulaza mguu wa kushoto chini yake, na kifundo upande wa nje husuguana na mkeka. Baada ya miaka, pale pana kibaka cheusi kigumu, mwenza wa kile cha kwenye paji la uso. Wazee wengi wa mwambao wanacho, nacho husomwa vizuri kuliko cheti.

Kusoma ndiyo kazi ya daktari wa miguu. Madaktari hao si wengi Afrika Mashariki. Mara nyingi shughuli hiyo iko mikononi mwa manesi na madaktari wa kliniki za kisukari, na wagonjwa huenda kwa kuchelewa, wakiwa wameshamaliza nyembe zote za nyumbani. Mgonjwa huambiwa avue viatu vyote viwili, hata kama kinachouma ni kimoja. Daktari huanza na viatu: hukitazama kisigino kimelika upande gani, huingiza mkono ndani kutafuta msumari au mshono uliofumuka. Halafu hupapasa mgongo wa mguu akitafuta mapigo ya damu. Ndipo husoma sugu, na sugu hazina siri. Iliyo chini ya mzizi wa kidole cha pili inaeleza habari za mchuchumio. Iliyo pembeni mwa kidole gumba inamshuku mwenyewe kwamba mfupa umeanza kwenda kombo.

Hapa sifa zinaingia shubiri. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua mishipa ya fahamu ya miguu. Watafiti wa Dar es Salaam, akiwemo Dakta Zulfiqarali Abbas, waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini. Kwa mguu wa namna hiyo sugu haiwezi kuwa ukuta. Inakuwa kokoto ndani ya kiatu, inakandamiza nyama kila hatua, na kidonda huota chini yake bila mwenyewe kuhisi. Hata hivyo, katika hali hiyo mbaya, sugu bado hutoa taarifa: ikionekana na weusi wa damu ndani yake, imepaza sauti kwa niaba ya mishipa iliyonyamaza. Atakayemwahi daktari kwa ishara hiyo huenda akaokoa mguu. Atakayeikwangua kwa wembe sebuleni atakuwa amemchinja mpiga mbiu.

Kwa hiyo kuna kipimo. Daktari huchukua kiuzi cha nailoni kilichotiwa mpini, humwomba mgonjwa afumbe macho, kisha hukibonyeza unyayoni mpaka kijikunje. Hapo kimesukuma kwa nguvu ya gramu 10. "Unasikia?" Wengine hujibu "ndiyo" kabla hawajaguswa, kwa heshima tu ya daktari.

Akiridhika, hushika kisu chembamba. Sugu haina mshipa wa fahamu wala wa damu, hivyo kuikata hakuumi. Hutoka vipande vyembamba, vyeupe kama maganda ya kitunguu saumu, vinaanguka kwenye karatasi. Kiini kikichomolewa, mgonjwa hushusha pumzi aliyoizuia tangu Idi iliyopita. Daktari humshauri anunue viatu vipana mbele, avinunue jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na arudi baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa huitikia kila neno, hushukuru mara mbili. Kisha huinama, huingiza mguu kwenye kile kiatu alichokuja nacho, huupigapiga sakafuni mara tatu hadi uingie, na kidole cha mwisho hujisogeza kikakaa mahali pake pa siku zote.