Nataka Noti Chafu

Mimi hukusanya pesa za majeshi. Simaanishi mishahara ya askari, maana ningeshafungwa zamani. Namaanisha noti ambazo jeshi lililoshinda vita hulazimisha zitumike katika nchi iliyoshindwa. Mke wangu anaziita makaratasi. Shemeji yangu, yeye akisikia neno "marki" anaanza kukokotoa shilingi kichwani, na ameshaniomba mkopo. Nikamweleza kwamba marki hizi zilikufa mwaka 1948. "Shemeji," akanijibu, "hata bibi alikufa, lakini aliacha shamba."

Lakini leo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wauza noti, watu wa usafi.

Kwao noti isiyo na mkunjo hata mmoja ndiyo mali. Ikiwa na alama ya kidole, kona iliyolegea au kitobo cha pini, wanaguna, na bei inashuka mpaka unakuta gharama ya posta ni kubwa kuliko noti yenyewe. Wengine, Mungu awasamehe, huzifua na kuzipiga pasi zionekane vijana.

Chukua noti ya marki 10 ya Washirika wa Vita vya Pili vya Dunia, toleo la 1944, iliyoandaliwa kwa ajili ya Ujerumani. Haina sura ya mfalme wala saini ya gavana. Inasema tu kwamba ni ya mamlaka ya kijeshi ya Washirika na imeingizwa kwenye mzunguko Ujerumani, basi. Sasa niambie, noti hiyo ikiwa safi kabisa hadi leo, ilifanya kazi gani? Haikununua mkate wala haikulipia sigara moja Berlin. Ilikaa kwenye bunda ikingoja kustaafu, na huyo mvivu ndiye anayelipwa vizuri!

Zile chakavu ndizo zilizochapa kazi. Marekani ilizichapisha kwa kampuni ya Forbes Lithograph, kule Boston, na mwaka 1944 ikawapa Wasovieti nakala za vibao vya kuchapia, ili na wao wachape za kwao. Nani humpa jirani ufunguo wa ghala kisha asiulize kinachotoka? Wasovieti wakachapa kwa moyo mkunjufu, wakawalipa askari wao malimbikizo ya mishahara ambayo wengine walikuwa hawajayaona kwa miaka. Askari hao wasingeweza kurudi nazo kwao zikawafaa, kwa hiyo walizimaliza palepale, na walichokitaka zaidi ni saa. Askari wa Kimarekani wakawauzia saa za mkononi, hata zile za Mickey Mouse, kwa mamia ya dola. Kisha Mmarekani anapeleka marki zake kwa mhasibu wa jeshi lake, anabadilishiwa marki 10 kwa dola 1, na kutuma fedha nyumbani. Ilipokuja kujumlishwa, askari walikuwa wametuma kwao pesa nyingi kuliko mishahara yao yote, na serikali ya Marekani ikabaki na pengo la zaidi ya dola milioni 200. Ili kuziba tundu hilo, Septemba 1946 ikaanza kuwapa askari wake vocha maalumu za jeshi.

Noti iliyopita mikono hiyo yote unataka iwe safi kwa ajili ya nini?

Kuzitofautisha nako ni kuumizana macho. Ya Marekani ina herufi F ndogo iliyofichwa ndani ya mapambo, nayo ya Wasovieti haina F ila ina kistari mbele ya namba. Jioni nikiinama na kioo cha kukuzia, binti yangu ananiuliza, "Baba, bado unatafuta F? Mimi nikiileta kutoka shuleni unagomba."

Na tusiwacheke Wajerumani sana. Shilingi ya Afrika Mashariki nayo iliwahi kuvaa buti. Waingereza walipowashinda Waitalia mwaka 1941, waliitumia Ethiopia, Eritrea na Somalia, ikiwa na picha ya Mfalme George wa Sita. Ethiopia ilipata dola yake mwaka 1945, na Somalia iliyokuwa ya Waitalia ikasubiri hadi 1950 kupata somalo. Za huko zilizochoka ndizo ninazozililia hasa, lakini wauzaji wananiletea zinazong'aa na bei ya kiwanja.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna kasha la marehemu babu aliyekwenda vitani na Waingereza, lifungue taratibu. Ukikuta noti usiifue, usiipige pasi, wala usiibandike gundi. Niite mimi kabla hujawaita watu wa usafi. Bei tutaelewana, na usiwe na wasiwasi: nalipa kwa pesa inayopokelewa dukani.