Muulize Shangazi wa Kona za Soni

Shule zinafungwa mwezi huu, na kapu langu la barua limejaa watu wa bondeni wanaotaka kupanda huku Lushoto kubadilisha hewa. Nimezaliwa huku, nimeolewa huku, na kabla mhariri hajanipa kiti hiki nimeuza vitumbua stendi miaka mingi. Nimeona familia zikipanda zinaimba na kushuka hazisemezani. Kwa hiyo leteni.

*Shikamoo Shangazi. Nina siku tatu, Noah moja, mke na watoto watano. Nimepanga hivi: Ijumaa Lushoto. Jumamosi asubuhi Amani, jioni Marangu tukauguse Kilimanjaro. Jumapili tunarudi Dar kupitia Pangani, watoto waoge baharini. Kwenye ramani vyote vimekaribiana, lakini mke wangu anacheka tu. Kuna nilipokosea? – Baba wa Ratiba, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Ulipokosea ni kutozaliwa ndege.

Lushoto iko Usambara Magharibi, Amani iko Usambara Mashariki, na katikati limelala bonde la Lwengera. Kwenye simu yako bonde hilo ni upana wa kucha. Kwa Noah, inabidi mshuke hadi Mombo, mrudi Korogwe, mpite Segera, mshike barabara ya Tanga mpaka Muheza, ndipo muanze kupanda upya. Marangu nayo iko upande wa pili kabisa: Mombo, Same, Mwanga, Himo, milima ya Usambara na baadaye ya Upare ikiwasindikiza mkono wa kulia karibu njia nzima. Kuhusu kuugusa Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895 haupapaswi jioni kama mbuzi wa mnadani. Mtafika gizani, mtapiga picha ukungu, na mtoto wa tatu atakuwa amelala mdomo wazi.

Hata hizo kilometa 33 za Mombo hadi Lushoto, ambazo najua umeziandikia dakika ishirini, ziandikie saa nzima. Lami ipo, tena nzuri, ila imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Kila kona ina lori la kabichi linaloshuka, na dereva wake haoni sababu ya kubaki upande wake. Wewe piga honi, subiri, pita. Pale karibu na Soni simama watoto waone maporomoko, maana yako jirani na barabara na kuyatazama toka njiani hakuna anayekudai.

Futa Amani, futa Marangu, futa Pangani. Ijumaa fikeni, kuleni, laleni. Jumamosi nendeni kwenye mwamba wa Irente kwa miguu. Jumapili mshuke mapema, na kwenye kushuka mwambie huyo dereva wako (nahisi ni shemeji yako, huwa ni shemeji) asije akaweka frii ili kuokoa mafuta. Gari lishuke na gia ndogo, injini ilizuie, breki zipumzike. Breki zikishapata moto mpaka zinanuka, mafuta mliyookoa hayatawasaidia.

Mkeo msalimie sana. Huyo ndiye alipaswa kupanga safari.

*Shangazi, shikamoo. Mwaka jana tulikuja huko kwa basi. Mwanangu wa miaka sita alitapika kuanzia kona ya tatu, na mama mkwe akafuatia. Mwaka huu mume wangu anasema turudie, eti milima mizuri. Nifanyeje? – Mwenye Khanga Moja, Tabata*

Marahaba, pole mama. Hili nalijua kwa pua yangu.

Zamani kondakta alikuwa hana haja ya kuuliza. Basi likikata kulia pale Mombo, anapita katikati ya viti na furushi la mifuko ya rambo, anagawa kama karanga za msibani. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima. Mimi naiunga mkono marufuku hiyo, mitaro yetu ilikuwa inasonga. Lakini ofisini walikopanga hayo yote nadhani hakuna aliyewahi kukaa siti ya nyuma kati ya Mombo na Soni na mtoto aliyekula chipsi mayai. Mfuko mbadala wa kitambaa unabeba nyanya vizuri sana. Kwa shughuli hii unavuja.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa natoka Korogwe, mbele yangu amekaa bibi mmoja na mjukuu. Kwenye mapumziko mtoto alinunuliwa soda ya machungwa, yai la kuchemsha, mshikaki, na kwa kuwa alilia, soda nyingine. Bibi hakula kitu. Alimenya ndimu kwa kisu kidogo, polepole, akalikunja ganda ndani ya leso. Kona ya kwanza mtoto anaimba. Ya pili ananyamaza. Ya nne bibi akafungua kikapu chake cha ukili, akatoa kopo tupu la rangi lenye mfuniko, akamwekea mapajani kabla mtoto mwenyewe hajajua anahitaji kopo. Walipomaliza akafunga mfuniko, akampa ndimu anuse, akaendelea kutazama dirishani. Kondakta alisimama akamtazama kama mtu aliyeona muujiza.

Basi nunua kopo la lita nne, lenye mfuniko unaokaza. Korogwe mtoto ale mkate mkavu na maji kidogo, hata akigaragara. Mketishe mbele, atazame barabara, asiguse simu, kwa sababu macho yakiwa kwenye katuni na tumbo likiwa kwenye kona, vitu hivyo viwili haviafikiani. Tangawizi ya kutafuna inasaidia watu wazima. Mama mkwe mpe dirisha, na ndimu yake, na usimwambie ni kwa sababu ya mwaka jana. Mwambie ni heshima.

*Mambo Shangazi. Mimi ni mtoto wa mjini, nimezoea kiyoyozi ofisini. Nije mwezi wa saba na familia na masweta, au watu wa huko mnatia chumvi? Tanzania kuna baridi kweli? – Kaptula, Kinondoni*

Poa, ingawa ningefurahi kuamkiwa.

Mji wa Lushoto uko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari. Juni mpaka Agosti usiku unaweza kukaribia nyuzi 10, na ukungu unakuja kukaa uani kama mgeni asiyeaga. Kiyoyozi chako kina rimoti.

Kila Julai nawaona: baba kavaa kaptula na ndala, mikono kaificha kwapani, anajifanya anafurahia mandhari. Saa mbili usiku wanagonga mlango wa mwenye nyumba kuomba blanketi la nne. Asubuhi familia nzima iko mtumbani, na wauzaji wetu, ambao si wajinga, wanawasoma kwa miguu tu. Sweta la elfu tano linakuwa la elfu kumi na tano. Kuna mjomba mmoja alinunua koti la kike la manyoya na akalivaa siku tatu bila aibu. Yule nilimpenda.

Njoo na masweta, soksi, na nguo za mvua kwa watoto. Tena nisikilize kwa hili bila kucheka: usiingize jiko la mkaa chumbani mkalala milango imefungwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anasinzia na haamki. Ukisikia baridi ongeza blanketi, au laleni wote kitanda kimoja mgombane.

*Shikamoo Shangazi. Baba anatuleta Usambara "kujifunza". Amechapisha kurasa kumi na mbili za historia na anasema kila jioni kutakuwa na maswali. Mimi nilitaka hoteli yenye bwawa. Na je, mtandao upo? – Kidato cha Pili, Mikocheni*

Marahaba mjukuu. Mtandao mjini upo. Ukiingia msitu wa Magamba unaweza kukatika, na hapo ndipo baba yako atakapotoa kurasa.

Nikuibie majibu. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Wakaweka kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902. Swali la ua, maana lazima aulize: kuna kimmea kifupi, majani yana vinyweleo kama shavu la mtoto, maua ya zambarau, kinaota kwenye kivuli penye miamba na unyevu. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikituma kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakiandika kwa jina la Saintpaulia. Leo kimejaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na wanaokimwagilia wengi hawajui Usambara iko wapi. Huku wengine tunakipita tukitafuta kuni. Kama mama yako ana cha dukani pale sebuleni, mwambie baba safari ya kujifunza ingeweza kufanyika nyumbani, uone uso wake.

Ila Magamba nenda. Lipieni kiingilio, mchukue mwongozaji wa hapa hapa, muanze asubuhi. Ukiwaona mbega wanaruka, weusi wenye mabega meupe na mkia kama ufagio, utasahau bwawa. Na Irente, mwamba unapoishia hewani na chini kabisa mnaona mashamba ya mkonge na mbuga ya Wamasai imejitandaza mpaka macho yanachoka, mshike mdogo wako mkono. Hapo hakuna wa kucheza na kupiga picha kinyumenyume. Mkirudi pitieni shamba la Irente mnunue jibini na jemu. Maswali ya jioni mwambie baba umeyajibu kwa Shangazi.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Msambaa wa Mlalo, nimeolewa na mtu wa Mtwara. Mume wangu amegundua kwamba likizo ya mlimani inagharimu pesa, na kwamba wazazi wangu wanaishi mlimani. Anataka twende wiki mbili, sisi na dada zake wawili na watoto wao, "tupumzike bure". – Mwenye Mlima Wake, Temeke*

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka chai imenipalia, halafu nikasikitika.

Huyo bwana hajui anakoingia. Anadhani ukweni ni hoteli isiyo na risiti. Mwache aje. Ila kabla hajapanda basi mpe orodha: sukari kilo kumi, mchele wa kutosha kwa sababu huku tunakula viazi na ugali na dada zake watanuna, sabuni, vitenge viwili kwa mama, koti zito kwa baba. Jamaa wote watakaokuja kumwona mkwe, na watakuja, kila mmoja kwa siku yake, watataka chai. Pakitokea msiba jirani atachimba kaburi pamoja na wenzake, kwenye mteremko, kwa jembe. Baba yako atamwamsha alfajiri wakamwagilie karoti. Halafu kuna ile shughuli ya mahari, ile sehemu iliyobaki ambayo alisema atamalizia "mambo yakikaa sawa". Wajomba zako hawajasahau. Mtu anayeweza kusafirisha watu wanane likizo, kwa hesabu za wajomba, mambo yake yamekaa sawa.

Wewe nawe usijidanganye kwamba utapumzika. Utapikia watu kumi na tano kwenye moshi wa kuni mbichi huku wifi zako wakiuliza ndege gani yule anaimba. Ningekuwa wewe ningempigia mama simu leo, nimwambie wageni ni wangapi na nani hali nini, nitafute chumba cha kupanga pale Lushoto mjini kwa ajili ya wifi, wao walipe wenyewe, na Mlalo niende na mume na watoto kwa siku nne tu.

Na mume umwambie habari ya wajomba mkishapita Soni. Pale kona ni mbaya, hawezi kuruka.