Kuzamia kwa Ruhusa

Neno kuzamia lina kazi mbili katika Kiswahili, na matatizo ya mwanafunzi anayekwenda ng'ambo kujifunza kupiga mbizi huanzia hapo. Kazi ya kwanza ni kwenda chini ya maji. Ya pili, iliyo maarufu zaidi mitaani, ni kujificha kwenye tumbo la meli na kuibukia Ulaya bila pasi wala kwaheri. Au, kwa wenye nauli ndogo, kula pilau la harusi bila kadi ya mwaliko. Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma Kuala Lumpur, muhula unapofungwa, akimwandikia mama yake Mbagala, "Shikamoo mama, likizo hii nakwenda Thailand kuzamia," asishangae simu ikiita kabla hajaiweka chini. Akijieleza ndiyo anaharibu kabisa. Atasema kwamba huko kila mtu anapewa mtungi wake, na mtungi kwa mama ni pombe. Atasema kwamba atafungwa mkanda wa risasi kiunoni. Risasi hiyo ni ile ya madini, vipande vizito vinavyouzuia mwili usielee, lakini hakuna mama anayengoja somo la kemia baada ya kusikia kwamba mwanawe yuko ugenini, anazamia, ana mtungi na amefunga mkanda wa risasi. Kufikia magharibi, wajomba wawili wamekwishaarifiwa.

Huko anakokwenda ni Koh Tao, maana yake Kisiwa cha Kasa, kisiwa cha takriban kilomita za mraba 21 katika Ghuba ya Thailand. Hakina uwanja wa ndege. Hufikiwa kwa boti. Maji yake ni ya uvuguvugu na ada za kozi ni nafuu, kwa hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazotoa vyeti vingi vya uzamiaji duniani. Kozi ya mwanzo huchukua siku tatu au nne: darasa, mazoezi kwenye maji mafupi, kisha kuzama baharini mara nne, pasipo kuvuka mita 18. Mwanafunzi hupimwa pia kwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika kumi bila kushika kitu. Kipimo cha kuelea ndicho kinachofichua kwamba wengi waliojaza fomu kuwa wanajua kuogelea walimaanisha kwamba wamewahi kufika Coco Beach.

Darasani mwanafunzi hukutana tena na Robert Boyle, ambaye aliachana naye kwenye mtihani wa fizikia kwa matumaini ya kutoonana tena. Kanuni yake ya mwaka 1662 husema kwamba mgandamizo ukiongezeka, ujazo wa hewa hupungua kwa kiwango hichohicho. Kwenye karatasi ya mtihani kanuni hiyo haimuumizi mtu. Baharini, kila mita kumi huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga zima lililo juu ya maji, na mahali pa kwanza pa kuipata habari hiyo ni ngoma za masikio. Dawa ni kubana pua na kupuliza taratibu, mapema, kabla maumivu hayajaanza. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayokataza kuzuia pumzi wakati wa kupanda: hewa iliyovutwa kwenye kina cha mita kumi hutaka nafasi maradufu ifikapo juu, na mapafu si puto.

Kuhusu suti ya mpira, inatosha kusema kwamba zipu hukaa mgongoni. Anayeiweka mbele hugundua kosa lake baada ya robo saa ya jasho, mikono ikiwa imekwama, na huhitaji watu wawili wa kumvua.

Miwani ya kuzamia hutemewa mate ndani kisha husuuzwa, ili kioo kisiingie ukungu. Kijana aliyelelewa kwa makofi ya usitemetemee-vitu-mate huzunguka nyuma ya boti kutafuta faragha, na humkuta mwalimu huko anatema bila haya. Zoezi linalofuata ni gumu zaidi. Mwanafunzi hupiga magoti chini ya maji, huingiza maji ndani ya miwani kwa makusudi, kisha hubana ukingo wa juu, huinua uso na kutoa pumzi puani mpaka maji yatoke. Kwa maneno mengine, hupenga. Pua iliyozoea kuvuta hewa tangu siku ya kuzaliwa hupokea agizo hilo kinyume, na mwenyewe huibuka akikohoa, kamasi imefika kidevuni. Wazamiaji wazoefu humwonyesha kwa kidole tu pa kufuta.

Lugha ya chini ya maji ni ya mikono. Kidole gumba na cha shahada vikiunda duara, maana yake mambo ni salama. Dole gumba likielekea juu, maana yake ni tupande. Hapa Mswahili huumbuka, kwa sababu dole gumba kwake ni poa, ni safi, ni jibu la nusu ya ujumbe wa WhatsApp. Mwalimu huuliza kwa duara kama kila mtu yu salama. Kijana, kwa furaha ya kuona samaki, hujibu kwa dole gumba. Kundi zima hupandishwa juu. Huko hueleza kwamba alikuwa anafurahia tu. Hushuka tena. Mwalimu huuliza tena, na dole gumba husimama lenyewe. Mara ya tatu Mjerumani aliyelipia siku moja tu huacha kutabasamu.

Kiumbe anayestahili heshima ya pekee ni kikande mkubwa, samaki anayeweza kufikia sentimita 75, mwenye meno ya kuvunja matumbawe. Msimu wa kutaga hulinda kiota chake kilicho mchangani, na eneo analolidai hupanuka kadiri linavyokwenda juu, mfano wa faneli. Anayekimbilia juu, kama akili ya nchi kavu inavyomtuma, huwa bado yumo kiwanjani mwa watu. Njia sahihi ni kuondoka kwa ubavu, chini chini, mapezi ya mpira yakimwelekea samaki ili akiuma aume hayo. Kioo cha miwani, kwa kawaida ya maji, hukuza kila kitu kwa kama theluthi moja, na ndiyo maana kikande anayesimuliwa jioni hutoshana na mbuzi.

Cheti hupatikana asubuhi ya siku ya nne. Kinachosahaulika ni ukurasa uliosomwa kwa kusinzia: naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huhitaji muda wa kutoka polepole, kwa hiyo aliyezama mara kadhaa kwa siku mfululizo hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kuruka. Tiketi ya bei ya chini, iliyokatwa mwezi mmoja kabla, ni ya jioni hiyohiyo kutoka Koh Samui. Mwanafunzi hukaa gatini, nywele bado zina chumvi, na kuandika: "Shikamoo mama. Nimezamia sana, sasa hawaniruhusu kupanda ndege mpaka kesho."

Mjomba wa tatu huarifiwa usiku huo.