Jinsi ya Kupanda Cheo Bila Kupandishwa Machela: Kutoka Boxer Hadi Pikipiki ya Mbio

Kabla hujaulizia bei, chukua futi ukapime matuta ya mtaani kwenu. Yamaha R6, pikipiki inayowatoa vijana wa Dar es Salaam udenda kila inapopita, tumbo lake limekaa milimita 130 tu juu ya ardhi. Tuta lililomwagwa zege na wakazi waliochoka kugongewa watoto halijui habari za milimita. Boxer yako inalipita bila hata wewe kubadili gia. R6 italilamba kwa plastiki za chini, na plastiki hizo huagizwa kutoka nje. Ukikuta tuta kali, na pakiwa pakavu, lipande kimshazari, gia ya kwanza, makalio yameinuka kidogo kitini. Watoto watakupigia kelele uvumishe injini. Usivumishe. Tuta limejengwa kwa ajili yao.

Halafu kaa chini na mwenzako. Hapa ni pagumu kuliko kwenye mkopo wa benki, kwa sababu benki haikuulizi, "Mume wangu, ile Boxer imekukosea nini?" Usijibu kwamba pikipiki kubwa itakuokoa na foleni. Boxer ni nyembamba, ni nyepesi, na usukani wake unakata kona finyu. Pikipiki ya mbio ina usukani mfupi unaogeuka kidogo mno, na ikinaswa kati ya daladala mbili pale Ubungo itabidi uirudishe nyuma kwa miguu huku feni ya injini ikikupulizia joto mapajani. Usiseme inakula mafuta kidogo. Usiseme utapelekea watoto shule: kiti cha abiria kimepanda juu na ni kidogo kuliko kibao cha mbuzi, kwa hiyo habari za mshikaki zife siku hiyohiyo. Sema ukweli, kwamba unaipenda. Kisha taja gharama zote kwa pamoja: pikipiki, bima kubwa, helmeti, koti, glavu, buti, na tairi za kubadilisha. Mnunuzi akiwa dada, na wapo akina dada wanaoziendesha vizuri sana, maneno ni yaleyale, ila ajiandae kuulizwa na mama mkwe pia.

Twende kwenye hesabu. Boxer ya cc 150 ina nguvu farasi 12 hivi. R6, ya cc 599, ina karibu 117. Zile za cc 1000, kina BMW S1000RR na Kawasaki ZX-10R, zinafika 200 au karibu yake, na uzito wake ni kilo mia mbili hivi. Zote hizo, ukiiacha Boxer, zinapita kilomita 100 kwa saa zikiwa bado gia ya kwanza. Mjini mwisho ni 50. Ukiwa na pikipiki ya namna hiyo umenunua gia sita, na sheria imekupa nusu ya gia moja, na afande mwenye tochi amekaa chini ya mwembe kuhakikisha huchukui nusu ya pili. Mwenye mapenzi ya kweli na pikipiki anaiangalia hesabu hii bila kuona aibu, anajiuliza: nguvu hizi nitazitumia wapi, na mkono wangu umejifunza nini mpaka leo?

Mkono ndio jambo zito katika mwongozo huu wote. Mkono uliolelewa na Boxer umezoea kuvuta mafuta mpaka mwisho, kwa sababu kwenye Boxer ndivyo unavyomaliza safari. Unapanda mlima, unavuta mpaka mwisho. Unataka kulipita lori, unavuta mpaka mwisho na kuomba Mungu. Ukiupeleka mkono huo juu ya injini ya silinda nne, siku ya kwanza utaona hakuna shida. Injini hizi ni pole chini. Kwenye mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika R6 inatembea kwa adabu, hata utasema watu wanaziogopa bure. Ukipita 10,000 sauti inabadilika, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kibao cha kilomita kilichokuwa mbali kinakuwa nyuma yako. Sasa weka hapo shimo moja la barabara zetu. Ukilipiga, mwili unasukumwa nyuma, kiganja kinavutwa pamoja nao, na mafuta yanafunguka zaidi bila wewe kuamua. Boxer ingekusamehe. Hii inakuongezea mwendo wakati uleule ulipotaka kupunguza.

Dawa yake ipo, na haina gharama. Bana tangi kwa magoti, ili mwili ushikwe na miguu, mikono ibaki milegevu. Shusha kiwiko na kifundo cha mkono wa kulia, ili ukirushwa, kiganja kisiwe na nafasi ya kuzungusha. Ijaribu dawa hiyo pikipiki ikiwa imesimama getini, kisha kwa mwendo wa 30, mpaka isiwe jambo la kufikiri.

Na breki. Wengi wetu tumejifunza breki ya mguu kwanza, na tumeambiwa na kila mjomba kwamba ya mbele inapindua. Kwenye pikipiki ya mbio ya mbele ndiyo breki. Ukifunga, uzito wote unakimbilia tairi la mbele na la nyuma linabaki halina kazi kubwa. Kinachopindua ni kuikamata ghafla kabla uzito haujafika mbele. Ikamue: anza kwa wepesi, ongeza kadiri uma wa mbele unavyozama, vidole viwili vinatosha. Na ujue kwamba mwendo ukiwa mara mbili, yaani kutoka 50 hadi 100, nishati ambayo breki inatakiwa kuimaliza inakuwa mara nne. Kama fedha inaruhusu, chukua yenye ABS, wala usimsikilize anayesema ABS ni ya waoga. Tafuta lami tupu Jumapili asubuhi, weka chupa ya maji barabarani, jifunze kusimama kabla yake kwa 40, kisha 50, kisha 60. Rudia hadi kijiwe kizima kianze kukucheka, halafu rudia tena.

Nakuhimiza haya kwa sababu ya ripoti moja ya zamani ambayo kila mwenye kutamani pikipiki kubwa angepaswa kuijua. Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles, walizozifuata palepale zilipotokea. Zaidi ya nusu ya waendeshaji walikuwa hawajatimiza miezi 5 juu ya pikipiki waliyopata nayo ajali, ilhali kwa jumla walikuwa wameendesha pikipiki karibu miaka 3. Hawakuwa wageni wa barabara, walikuwa wageni wa chombo. Tena mwendo wa kawaida kabla ya ajali haukuwa wa kutisha. Nusu yao walikuwa chini ya kilomita 48 hivi kwa saa. Kwa hiyo anayejitetea kwamba "mimi naendesha tangu sekondari" hajajibu swali. Swali ni umeiendesha hii tangu lini.

Ndiyo maana nashauri, na nitabishana na kijiwe chochote, upitie ngazi ya katikati. Kawasaki Ninja 400 ina kilo 168 na nguvu farasi 45 hivi. Yamaha R3 imekaa karibu nayo. Hizo ni nguvu karibu mara nne ya za Boxer yako! Kijiweni watakwambia utaichoka haraka, ununue kubwa moja kwa moja uokoe pesa. Waulize wao wamewahi kuimaliza pikipiki ya 400 kwenye kona, si kwenye njia iliyonyooka. Ulaya waliliandika hili kwenye sheria: leseni ya ngazi ya A2 inaishia kilowati 35, ambazo ni nguvu farasi 47 hivi, na mtu hukaa hapo miaka 2 kabla ya kufungua mlango wa kubwa. Wewe usingoje kulazimishwa. Raha ya kuiendesha 400 mpaka inapumua kwa nguvu, ukijua kila gia inafanya nini, ni kubwa kuliko raha ya kuishika 1000 kwa woga.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda asubuhi na usimpigie muuzaji simu ukiwa umekaribia. Shika injini kwa kiganja kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameshaipasha, na huenda anaficha tabu ya kuwaka. Chuchumaa uangalie ubavu wa tairi, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara; 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hukauka likakosa mshiko hata kama kashata zake bado zimesimama. Pitisha kidole kwenye ncha za mikono ya breki na klachi, na ncha za vikanyagio, ambako ndiko huandikwa kila anguko. Angalia chini ya shingo vile vinundu vya chuma vinavyouzuia usukani usigeuke kupita kiasi. Kimoja kikiwa kimebonyea, ilianguka vibaya. Linganisha namba ya chesi na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Nenda na fundi wako, na mkubaliane kabisa kwamba akisema, "Kaka, hii imeoshwa, haijatengenezwa," mnaondoka wote wawili bila kujadiliana bei.

Helmeti iwe na ile alama ya E ndani ya duara yenye namba pembeni, na ikubane mpaka ukitikisa kichwa mashavu yaende nayo. Koti la matundu lenye vikinga vya mabega na viwiko utalivumilia hata Januari. Lami haijali kwamba Dar ni joto.

Kisha toka mjini. Hii ndiyo siku uliyoinunulia pikipiki, na ninakutakia uifurahie sana. Ondoka alfajiri kwa barabara ya Morogoro, vumilia malori mpaka Chalinze, na uchunge vibao vya 50 kila penye vijiji. Ndani ya Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, na mwisho wa mwendo mchana ni 70. Twiga havuki kwa ratiba. Baada ya hapo unakuja mlima Kitonga, na kona ambazo mkono wako umekuwa ukijiandaa kwa ajili yake. Ukitaka pikipiki ilale kulia, sukuma mshiko wa kulia mbele, taratibu; ukitaka kushoto, wa kushoto. Macho yaangalie unakotaka kutokea, yasilitazame lori. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, kwa sababu malori ya Zambia na Kongo yanapanda hapo yamejaa, na dizeli ikidondoka kwenye kona haionekani mpaka uifikie. Kaa kushoto kabisa mwa upande wako. Lori linaloshuka linaweza kuhitaji barabara yote.

Usiku usipande. Lori likiharibika huwekewa matawi ya miti barabarani, na kwa mwendo wa 100 taa yako itayaonyesha matawi wakati huna tena nafasi ya kusimama. Jua likikuchwea Ruaha Mbuyuni, tafuta gesti, omba uingize pikipiki ndani ya geti, tia cheni mafuta ikiwa bado ina joto, ule ulale.